Joho na Kitenzi: Kukisoma Kitabu cha Kutawazwa kwa Louis XV

Kuna vitabu ambavyo havikutungwa ili visomwe. Vilitungwa ili vitolewe na mkubwa, vipokewe kwa mikono miwili, vilazwe juu ya meza kwa kuwa havienei rafuni, na vifunuliwe mara chache mbele ya wageni. Mojawapo ya vitabu vya jinsi hiyo ni kile kilichochapwa Paris kuadhimisha kutawazwa kwa Louis XV, mfalme wa Ufaransa, tendo lililofanyika katika kanisa kuu la mji wa Reims, Jumapili tarehe 25 Oktoba 1722. Kwa Kifaransa huitwa Le Sacre de Louis XV. Kilikuwa kitabu cha kutunukiwa zaidi kuliko cha kununuliwa, na hivi leo nakala zake zimehifadhiwa katika maktaba kuu na katika makusanyo ya watu wenye uwezo. Wapenzi wa historia ya mavazi hukithamini kwa sababu ya nguo zilizochorwa humo, nao wapenzi wa vitabu hukithamini kwa sababu ya jalada lake. Wahakiki wa fasihi hawajakijali sana, pengine kwa kudhani kwamba penye picha nyingi na maneno machache hapana kazi yao.

Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Yanakichukulia kitabu hicho kuwa matini kamili, yenye mtunzi, wahusika, mandhari na dhamira, na yanauliza swali moja: je, matini iliyoagizwa na mamlaka kwa nia ya kuondoa shaka yaweza kusomwa kwa namna nyingine isipokuwa ile iliyokusudiwa na mamlaka hayo? Swali hili si la Ufaransa pekee. Popote penye dola pana picha rasmi, na popote penye picha rasmi pana msomaji anayetakiwa kuitazama na kunyamaza.

Anwani na ugumu wake

Ugumu waanza na anwani yenyewe. Mfasiri atakayetaka kuitia katika Kiswahili atakuta mbele yake njia nne, na kila njia humpeleka mahali pake. Akisema “kutawazwa”, amechagua neno linalosikika kama kauli ya kutendesha ya “tawala”, kama vile “laza” lilivyo kwa “lala”: mtu anafanywa atawale, na anayemfanya hatajwi. Akisema “kuvishwa taji”, amechagua kitu kinachoonekana kichwani. Akisema “kuwekwa wakfu”, amemtoa mfalme kwa watu na kumkabidhi kwa Mungu. Akisema “kupakwa mafuta”, amerudi kwa Samweli na Sauli, kwa Samweli na Daudi, na kwa neno “masihi” ambalo maana yake ndiyo hiyo hiyo.

Neno la Kifaransa limeegemea njia hizi mbili za mwisho. Wafaransa walikuwa na neno jingine la kuvishwa taji, nalo hawakulifanya anwani ya kitabu hiki. Kwao taji lilikuwa tokeo; chanzo kilikuwa mafuta. Hadithi iliyosimuliwa tangu karne ya 9, na iliyoenezwa hasa na Hincmar, askofu mkuu wa Reims, ilisema kwamba Clovis alipobatizwa na Mtakatifu Remigius, njiwa alishuka kutoka mbinguni na chupa ndogo ya mafuta. Chupa hiyo ikatunzwa katika abasia ya Saint-Remi. Siku ya kutawazwa mfalme ililetwa kanisani na mkuu wa watawa akiwa juu ya farasi mweupe chini ya kitambaa cha heshima, huku makabaila wanne wakiwekwa kuwa dhamana kwamba itarudishwa salama. Ndiyo kusema, mfalme wa Ufaransa alidai kwamba mafuta yake hayakukamuliwa na mkono wa mtu.

Mtafsiri wa anwani hii basi hana budi kuchagua, na kila achaguapo huacha. Makala haya yanatumia “kutawazwa” kwa sababu ndilo neno lililozoeleka, lakini msomaji akumbuke kila mara kwamba chini ya neno hilo pana mafuta.

Umbo la kitabu

Mchoraji mkuu wa kitabu alikuwa Pierre Dulin. Michoro yake ilihamishiwa kwenye mabamba ya shaba na wachongaji mashuhuri wa wakati huo, miongoni mwao Cochin, Larmessin na Tardieu. Mna mandhari makubwa 9, kila moja likienea kurasa mbili: kuamka kwa mfalme, kwenda kanisani, kuwasili kwa Chupa Takatifu, kupakwa mafuta, kuvishwa taji, kuketishwa kwenye kiti cha enzi, hata karamu ya kifalme. Baada ya hayo zipo picha takriban 30 za mtu mmoja mmoja, kila mmoja akisimama peke yake na vazi la cheo chake. Hata maandishi yenyewe hayakupangwa kwa herufi za risasi kama ilivyo desturi ya vitabu. Yalichongwa katika shaba, herufi kwa herufi, ndani ya fremu zenye mapambo. Jalada la nakala nyingi ni la ngozi iliyopigwa chapa za dhahabu na kiwanda cha Padeloup.

Mbinu hii ya uchapaji ina tabia zake, nazo zinamhusu mhakiki. Kwanza, karatasi hupokea kinyume cha kilichochongwa. Ili fimbo ya enzi iwe katika mkono wa kuume wa mfalme kitabuni, mchongaji hana budi kuichonga katika mkono wa kushoto juu ya bamba. Utukufu wa mfalme ulipitia kwanza mahali ambapo kila kitu kimegeuzwa. Pili, wino ni mmoja. Sherehe ile ilikuwa sherehe ya rangi: atlasi nyekundu, kitambaa cha nyuzi za fedha, urujuani wa joho, dhahabu ya maua ya yungiyungi, weupe wa manyoya ya kicheche wa nchi za baridi. Mtambo ulipomaliza kazi yake, yote hayo yalikuwa mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Mchongaji aliweza kuonyesha uzito wa kitambaa na mng’ao wake kwa kuipanga mistari karibukaribu au mbalimbali, ila urujuani hakuweza kuuonyesha. Rangi iliwabidi kuipata katika maneno. Hapa ndipo mtu anapoona kwamba maelezo yale mafupi si pambo la picha. Bila maneno, joho la mfalme wa Ufaransa ni giza lenye madoa.

Maneno hayo yalitungwa na Antoine Danchet, na jambo hili halikosi maana. Danchet alikuwa mwanachama wa Académie française, lakini umaarufu wake ulitokana zaidi na jukwaa. Ndiye aliyemtungia Campra, mtunzi wa muziki, maneno ya opera kadha wa kadha, kama Tancrède ya mwaka 1702 na Idoménée ya mwaka 1712. Mtu aliyezoea kuwaingiza wafalme jukwaani kwa zamu zao na kuwatoa kwa zamu zao ndiye aliyepewa kazi ya kueleza jinsi mfalme wa kweli alivyoingia kanisani. Haifai kumshutumu kwa hilo. Sherehe yenyewe ilikwisha kuwa na maleba, mpangilio wa matendo na maneno ya kukaririwa; Danchet aliikuta tamthilia na kuiandikia maelezo ya jukwaani.

Mtoto ndani ya joho

Mhusika mkuu wa tamthilia hiyo alikuwa mtoto wa miaka 12. Alizaliwa tarehe 15 Februari 1710. Mwaka 1712, katika muda wa majuma machache, surua iliwachukua mama yake, baba yake na kaka yake. Yeye aliponea chupuchupu, na imesimuliwa kwamba mlezi wake, Madame de Ventadour, alimficha asifikiwe na waganga waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu. Tarehe 1 Septemba 1715 baba wa babu yake, Louis XIV, alifariki, na mtoto wa miaka 5 akawa mfalme. Mamlaka yalishikwa kwa niaba yake na Philippe d’Orléans. Kutawazwa kwa mwaka 1722 kulifanyika miezi michache tu kabla ya mtoto huyo kutimiza miaka 13, umri ambao sheria ya nchi ilimhesabu mfalme kuwa mtu mzima.

Onyesho la kwanza la sherehe, ambalo ndilo onyesho la kwanza la kitabu, ni la kuamshwa. Asubuhi maaskofu wa Laon na Beauvais huja na kubisha mlango wa chumba cha mfalme. Kutoka ndani huulizwa wanamtaka nani. Wakisema wamtaka mfalme, hujibiwa kwamba mfalme amelala. Hubisha tena, na jibu huwa lile lile. Mara ya tatu humtaja kwa jina, Louis, waliyepewa na Mungu kuwa mfalme wao, na hapo mlango hufunguliwa. Mtu hahitaji ujuzi mkubwa wa simulizi kuitambua fani hii: swali mara tatu, kizuizi mara mbili, jina lifunguliwalo mlango. Ngano za kila lugha zinaijua. Kilicho kigeni ni kwamba mtoto aliyelazwa kitandani hakuwa amelala. Alikwisha kuvikwa nguo za sherehe, na alipaswa kulala macho wazi mpaka watu wazima wamalize kusema maneno yao.

Nguo zenyewe zilikuwa za namna ya pekee. Ndani alivaa shati la atlasi nyekundu lililoachwa nafasi za kufunguliwa, ili mafuta yafike mwilini: kifuani, katikati ya mabega, juu ya mabega yote mawili, na kwenye maungio ya mikono. Juu yake alivaa kanzu ndefu ya nyuzi za fedha. Baada ya kupakwa mafuta alivikwa mavazi mawili kama yale ya mashemasi, na juu ya hayo joho la urujuani lililotapakaa maua ya yungiyungi na kutiwa manyoya. Ndipo mikono yake ilipopakwa mafuta, akapewa pete, fimbo ya enzi mkono wa kuume, na fimbo ya mkono wa haki mkono wa kushoto. Mwisho lilikuja taji lililonasibishwa na Charlemagne. Taji hilo wakuu wa ufalme hulishika kwa mikono yao juu ya kichwa cha mfalme, na ishara hiyo hufasiriwa kuwa wanamuunga mkono. Mtu akiitazama kwa jicho la kawaida ataona pia jambo jepesi zaidi: watu wazima wakimzunguka mtoto, wamenyoosha mikono yao, ili kitu kizito kisimwangukie.

Kitabu hakikutoka mwaka ule. Kazi ya mabamba ilichukua muda, na kilikamilika takriban miaka 10 baadaye. Kwa wakati huo Philippe d’Orléans alikwisha kufariki, mnamo Desemba 1723. Mfalme alikuwa mtu wa miaka 22 hivi, ameoa mwaka 1725, ana mwana wa kurithi aliyezaliwa mwaka 1729. Wale waliopokea kitabu kutoka kwake walipewa na mtu mzima picha ya mtoto. Tena, taji la pili la sherehe, lile lililotengenezwa mahsusi kwa ajili yake na kupambwa kwa almasi kubwa ya Régent, yenye uzito wa karati 140 hivi, halikuwa tena kama lilivyochorwa. Mwaka 1729 vito vyake vya kweli viliondolewa na kutiwa vya kuiga. Taji hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Louvre, na vito vyake ni hivyo vya kuiga. Kwa hiyo kitabu kilipotoka kilikuwa kimekwisha kuwa kumbukumbu: ya mtoto asiyekuwapo tena, akiwa na taji ambalo vito vyake vimekwenda kwingine.

Mavazi ya watu wasiokuwapo

Picha za mtu mmoja mmoja ndizo zilizokipatia kitabu hiki sifa miongoni mwa wachunguzi wa mavazi. Lakini msomaji anayedhani kwamba picha hizo zitamwonyesha jinsi Wafaransa wa mwaka 1722 walivyovaa atapotoka. Wengi wa watu waliochorwa humo wamevaa nguo zilizokuwa zimepitwa na wakati siku ile ile walipozivaa. Mashujaa wa shirika la Saint-Esprit, lililoanzishwa na Henri III mwaka 1578, wanaonekana na suruali fupi zilizotunishwa na mashati ya kubana ya karne ya 16, kana kwamba miaka 140 haikupita. Askari wa Uswisi wana shingo zilizozungushiwa kola za mikunjo ambazo babu zao ndio waliozivaa barabarani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wakuu 12 wa ufalme. Desturi ilitaka mfalme atawazwe mbele ya maaskofu 6 na watawala 6 wa majimbo: wale wa Bourgogne, Normandie na Aquitaine, na wale wa Toulouse, Flandre na Champagne. Kwa karne nyingi watawala hao wa kale hawakuwapo tena, kwani karibu majimbo yao yote yalikwisha kumezwa na taji. Dawa ilikuwa kuwapa jamaa za mfalme sehemu za kuigiza. Philippe d’Orléans, aliyekuwa ndiye mwenye kuendesha dola nzima, alisimama kanisani kama mtawala wa Bourgogne. Mwanawe alikuwa Normandie, na Conti akawa Champagne. Walivaa majoho ya urujuani na mataji ya vyeo ambavyo havikuwa na mwenyewe.

Hapa kitabu kinasema zaidi ya kilichoagizwa kusema. Kiliagizwa kionyeshe kwamba ufalme haujabadilika tangu Charlemagne. Ili kufanya hivyo kililazimika kumchora kila mtu na kumtaja kila mtu, na kutaja kwenyewe kukafichua kwamba huyu anasimama mahali pa yule. Penye neno “akiwakilisha” pana pengo. Mtu aliyehudhuria kanisani, akiwa mbali, amesikia kinanda na kunusa ubani, huenda hakuliona pengo hilo. Anayekifunua kitabu mezani halikosi. Sherehe hupita, kurasa husubiri, na zinaweza kurudiwa.

Kimya na kiishio

Kulikuwa na wakati mmoja katika sherehe ambapo watu waliulizwa. Kabla ya kiapo cha ufalme, maaskofu wa Laon na Beauvais walimwinua mfalme na kuwauliza waliohudhuria kama wanamkubali. Katika nyakati za kale jibu lilikuwa kelele za shangwe. Kufikia karne ya 18, kimya cha heshima kilihesabiwa kuwa jibu tosha. Milango ya kanisa ilifunguliwa kwa umma baadaye, mfalme alipokwisha kuketi kwenye kiti cha enzi, na hapo ndege wadogo waliachiliwa waruke chini ya dari. Watu waliingia kuja kutazama jambo lililokwisha kuwa. Alipotawazwa Louis XVI huko huko Reims, tarehe 11 Juni 1775, swali lenyewe liliachwa, na watu wa wakati huo waliliona hilo na kulisema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kutoka mwaka huo hadi mwaka 1789 ni miaka 14.

Hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wote haumo katika picha yoyote. Anwani ya kitabu inajifunga kwa Jumapili moja. Lakini Alhamisi iliyofuata, tarehe 29 Oktoba 1722, mfalme mtoto alitimiza wajibu wa mwisho wa wafalme waliopakwa mafuta. Alipita mbele ya wagonjwa zaidi ya 2,000, wenye ugonjwa wa kuvimba tezi za shingo, akawagusa mmoja mmoja. Wafaransa waliamini kwamba mkono wa mfalme wao huponya ugonjwa huo, na kila alipomgusa mgonjwa alitamka maneno machache ya desturi.

Mwanahistoria Marc Bloch, aliyeuawa na Wanazi mwaka 1944, aliyachunguza maneno hayo katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1924 kuhusu wafalme waponyaji. Aligundua jambo ambalo mwanafunzi wa sarufi angelipenda. Zamani mfalme alikuwa akisema kwamba yeye anagusa na Mungu anaponya. Kufikia kutawazwa kwa Louis XV, kitenzi cha pili kilikuwa kimebadilika hali: mfalme anagusa, Mungu na aponye. Kwa Kifaransa tofauti hiyo imo katika silabi moja ya mwisho. Kwa Kiswahili ni nyepesi zaidi kuiona, maana lugha yetu imeipa irabu moja tu. “Mungu anakuponya” ni taarifa. “Mungu akuponye” ni dua. Wa kwanza anajua. Wa pili anaomba pamoja na mgonjwa, na mgonjwa angeweza kuyasema maneno hayo hayo mwenyewe.

Haikuandikwa popote kwamba imani imepungua. Hapana amri iliyotolewa, na hapana vazi lililobadilishwa. Joho lilikuwa na uzito ule ule, manyoya yale yale, na maua ya yungiyungi yale yale. Kilichobadilika ni kiishio cha kitenzi. Miaka 17 baadaye, Pasaka ya mwaka 1739, Louis XV, akiwa hawezi kupokea komunyo kwa sababu ya maisha aliyokuwa akiishi na hawara zake, aliacha kuwagusa wagonjwa. Ile dua nayo ikakoma kutamkwa kwa muda wote uliobaki wa maisha yake. Mtu angeweza kuutazama urefu wa joho kwa siku nzima asilione hilo likija. Aliyesikiliza sarufi alikuwa amekwisha kuonywa.

Baada ya kitabu

Tarehe 7 Oktoba 1793, Philippe Rühl, mjumbe wa bunge la mapinduzi, aliivunja Chupa Takatifu kwa nyundo mbele ya watu wa Reims. Alichagua mahali pa kuivunjia: juu ya msingi uliobaki wa sanamu ya Louis XV, iliyokuwa imeangushwa mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo, picha ya Dulin ya kuwasili kwa chupa ile imekuwa na kazi nyingine. Ilichorwa iwe shahidi wa utakatifu. Sasa ni shahidi wa umbo la kitu kilichovunjwa.

Wala mtindo wa vitabu vya namna hii haukufa na wafalme. Napoléon alipotawazwa Paris tarehe 2 Desemba 1804, naye aliamuru kitengenezwe kitabu chake, na wasanii Isabey, Percier na Fontaine wakachora mandhari na mavazi. David alipewa kazi ya kuchora picha kubwa ya rangi, na ndani yake akamketisha mama yake Napoléon mahali pa heshima, ilhali mama huyo hakuhudhuria. Picha rasmi ilikuwa imejifunza kutoona aibu.

Kutoka huko ukoo wa picha hizi ulifika Afrika, na kwa njia iliyo wazi. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, Jean-Bedel Bokassa alijitawaza kuwa mfalme mkuu wa Afrika ya Kati, akikusudia kumfuata Napoléon hatua kwa hatua. Mafundi wa Ufaransa walihusika katika kutengeneza mavazi na vifaa vya sherehe hiyo, likiwamo joho refu na kiti cha enzi chenye umbo la tai. Gharama yake kwa nchi maskini ilitangazwa dunia nzima kwa mshangao. Tarehe 20 Septemba 1979 aliondolewa madarakani kwa msaada wa askari wa Ufaransa ile ile. Wengi wamemcheka Bokassa kwa kuvaa nguo za watu wengine wa zamani. Aliyekisoma kitabu cha mwaka 1722 atacheka kwa uangalifu zaidi. Philippe d’Orléans naye alivaa nguo za mtu mwingine wa zamani, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa watu waliokubaliana kutocheka. Tofauti ya watu hawa wawili haiwezi kupatikana katika kitambaa. Inapatikana katika idadi ya watu waliokuwa bado tayari kuitikia.

Hitimisho

Ni dhahiri, basi, kwamba swali lililoulizwa mwanzoni laweza kujibiwa. Matini ya mamlaka yasomeka kwa namna nyingine, na si kwa sababu mhakiki ni mjanja kuliko mfalme. Yasomeka hivyo kwa sababu kila atakaye kudumisha jambo kwa picha na maandishi hana budi kuingia katika undani. Lazima ataje nani alisimama wapi, kwa niaba ya nani, na alitamka kitenzi gani. Undani huo haumtii mwajiri wake milele. Danchet na Dulin walikuwa watumishi waaminifu, na uaminifu wao ndio uliotuachia ushahidi.

Lakini hapana budi kumwonya mhakiki pia. Kukisoma kitabu hiki kwa dharau ni rahisi mno, na dharau nayo ni namna ya kutotazama. Katikati ya zile fimbo, manyoya na mataji ya kuazimwa alikuwapo yatima wa miaka 12 aliyeambiwa alale macho wazi, na siku nne baadaye akatembea mbele ya safu za wagonjwa 2,000 waliokuja kwa matumaini, akiwatakia mmoja mmoja kwamba Mungu awaponye. Huenda aliamini. Wao walikuwa wametembea safari ndefu kumfikia. Uhakiki usioweza kuwaona watu hao nyuma ya joho haujalivua joho. Umebadilisha tu anayelivaa.

Hilo la mwisho linawahusu wasomi kwa karibu. Vyuo vikuu vyetu vina sherehe zao, zenye maandamano, kofia na majoho ambayo asili yake ni makasisi wa Ulaya ya zama za kati, na kila mwaka mkuu wa chuo hutamka kauli ambayo kwayo watu walioingia uwanjani wakiwa hivi hutoka wakiwa vile. Picha hupigwa na vitabu vya kumbukumbu huchapwa kwa karatasi nzuri. Atakayevifunua miaka 300 baadaye ataanza, bila shaka, kwa kutazama nguo. Itafaa apite haraka hapo, asome ilivyoandikwa kauli ile iliyotamkwa, na aangalie kitenzi chake kinaishia na irabu gani.